Dawa ya Maji na Dawa Nyekundu

Mjomba wangu alishuka kutoka Kinole akiwa ameushika ubavu wa kulia, na barua ya mwenyekiti wa kijiji mfukoni, kwa kuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa mtu hakuondoka tu bila kueleza aendako. Alikuja kwangu Mwembesongo, nilikokuwa nikifundisha shule ya msingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akakaa kizingitini kabla ya kuingia ndani. Sikuwahi kumwona akipumzika mlangoni mwa mtu. Alikuwa kaka wa mama yangu, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Mashamba ya ukoo aliyashika yeye.

Hospitali ya Morogoro walimpapasa tumbo, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Huko wakasema ni kansa ya ini.

Daktari alikuwa mgeni kutoka Ulaya, mtu mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Muuguzi aliyezoea kumtafsiria alikuwa likizo, kwa hiyo nikaombwa mimi. Alieleza polepole, kwa Kiingereza. Ini lilikuwa limeharibika mno, halingeweza kukatwa. Wangepitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya pajani mpaka kwenye ini lenyewe, ili dawa iingie pale pale badala ya kuzunguka mwili mzima kwanza. Dawa zilikuwa mbili. Moja ya zamani, nyeupe kama maji, huleta vidonda vya mdomo na kuhara. Nyingine mpya, nyekundu kama maji ya choya. Hiyo huusumbua uvimbe zaidi, lakini hunyonyoa nywele na huweza kuudhoofisha moyo. Ipi ilikuwa bora, alisema, yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Kisha akaniambia nimweleze mzee wazi kwamba hakuna inayoponya kati ya hizo, zote huchelewesha tu.

Nilitafsiri yote isipokuwa hilo la mwisho.

Mjomba aliuliza ipi yenye nguvu. Nikamwambia nyekundu. Akasema basi wampe hiyo.

Kwenye kitanda cha jirani alilala askari magereza mstaafu wa Kingolwira, mwenye ugonjwa ule ule. Moyo wake haukuwa mzuri, kwa hiyo alipewa ile ya maji. Wote wawili walilazwa chali siku tano, mguu umenyooshwa, wasigeuke. Chupa zilitundikwa juu sana, karibu na dari, kwa sababu damu ya ateri ina nguvu, na chupa ikishuka damu hurudi ndani ya mrija. Muuguzi alipokuwa mbali, mimi na mke wa askari tulikaa tukiitazama ile mirija shingo zikituuma.

Mama yule alikuwa mwenye uchangamfu mwanzoni. Kila asubuhi alizungusha uzi kwenye tumbo la mumewe kupima uvimbe, akafunga fundo, akaulinganisha na uzi wa jana. Baada ya siku mbili akaniletea uzi wa mjomba pia. Tukawa tunalinganisha: nani amekunywa uji, nani ametapika, macho ya nani yamepungua manjano. Mumewe alipokula ndizi nzima, mama yule alinitazama kwa huruma, kana kwamba tulikuwa tumechagua vibaya. Uzi wa mjomba ulipofupika upana wa kidole, mimi ndiye niliyemtazama hivyo. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Tulikwenda Dar es Salaam mara nne kwa miezi mitano. Nilikuwa naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu mpaka akaacha kuniuliza sababu. Tulipokuwa nyumbani nilipanga foleni ya sukari ya uji wake, nikitoka foleni naingia darasani, nikitoka darasani nafua mashuka. Nywele za mjomba zilibaki juu ya mto, nikawa nazikusanya kabla hajaziona. Alizoea kupanda mlima na mkungu wa ndizi begani. Sasa kutoka kitandani mpaka uani alipumzika mara mbili. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauutoi.

Mara ya nne daktari alilipapasa tumbo, akasema uvimbe umerudi pale ulipokuwa. Tuliporudi Mwembesongo, mjomba alikaa uani akaniita.

"Yule daktari siku ya kwanza alisema inaponya?"

Sikuweza tena kuficha. Nikamwambia alisema haziponyi, wala nyeupe wala nyekundu.

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilidhani hivyo. Dawa inayoponya haina mwenzake wa kuchaguliwa."

Niliomba radhi. Nilimwambia niliogopa angekata tamaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila ukali, "Mwanangu, mimi nilikuwa na kazi. Mipaka ya mashamba ya mama zenu naijua mimi peke yangu. Ungeniambia, ile miezi ya kwanza, miguu ikiwa bado yangu, ningekwenda kuwaonyesha."

Sikuwa nimeifikiria mipaka. Nilikuwa nimeufikiria uzi tu.

Tulimpeleka Kinole wiki ile ile. Gari lilipoishia, wapwa wengine walimpokea kwa machela. Kwa siku tatu walimbeba kutoka shamba hadi shamba, yeye akionyesha kwa mkono: mti ule wa miiba, jiwe lile, mkarafuu ule wa pembeni. Shamba la mwisho, lililo juu kabisa, hakulifikia; nguvu zilikuwa zimemwishia. Alifariki kabla ya mvua za vuli, na lile shamba mama yangu na mdogo wake wa kike waligombana juu yake kwa miaka.

Mwaka uliofuata nilikutana na mke wa askari sokoni Mwembesongo, amevaa nguo za eda iliyokwisha zamani, kana kwamba hakuwa na nguvu ya kuzibadili. Tulipeana pole. Akaniuliza mjomba alifariki lini. Nilipomwambia, akahesabu kimya kimya kwa vidole.

"Wangu alitangulia wiki tatu," alisema.

Alisubiri, nikajua anataka niseme kama zile wiki tatu zilikuwa nzuri. Nikamwambia mjomba alizimaliza amelala, hajui watu. Akaitikia kwa kichwa. Tukasimama pale kidogo, kila mmoja na kikapu chake, kisha akaniuliza kama nimeona mchicha wa bei nafuu, nikamwelekeza.