Kijito cha Upande wa Magharibi

Sifa zote ni za Mungu, aliyeipa kila chemchemi njia yake. Juzi nilipita Kalinzi kwa pikipiki, nikasikia harufu ya maua ya mibuni baada ya mvua, nikamkumbuka mama mmoja mkimbizi.

Alifika kwetu huko alasiri moja, nilipokuwa bado mtoto; alikuwa na mtoto mgongoni, miguu imevimba. Yeye na mumewe walipoteana wakikimbia vita Burundi. Alikuwa ameambiwa kwamba mumewe yuko Katonga, kando ya ziwa, kwa wavuvi, ila aliogopa kupita barabarani asije akakamatwa na kurudishwa.

"Fuata maji, mama," nilimwambia kwa majigambo, nikimwonyesha kijito tulimokuwa tukiteka maji. "Maji yote huenda ziwani."

Bibi yangu aliacha kutwanga mihogo. "We mtoto, unataka mgeni azeekee njiani? Hicho kinashuka mashariki, mto Malagarasi!"

Akamshika mgeni mkono, tukapanda mgongo wa kilima. Ng'ambo yake kijito kingine kilichomoza chini ya mawe, kikinong'ona kuelekea magharibi.

"Hiki ndicho, mwanangu. Kikijificha kwenye matete, kisikilize. Utakiona tena migombani. Ukifika ziwani, shika mkono wa kushoto."

Nililia, nikidhani nimesema uongo. Leo najua kwamba Malagarasi nayo huishia ziwani, baada ya kuzunguka nchi. Maneno yangu yalikuwa ya kweli, lakini hayakuifaa miguu ile.

Kabla ya mavuno, mchuuzi kutoka ziwani alituletea fungu la dagaa. "Yule mama anawasalimu. Mumewe pia."

Nawe unayesoma, Mungu akufikishe kwa wanaokungoja.