Ng'ombe Aliyeishia Mpakani

Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko, nyumbani kwetu Vudee, nachambua mchele. Ng'ombe wa jirani akakata kamba huko juu, akaja mbio akiteremka kuelekea shamba langu la maharage. Niligeuka kuchukua fimbo nyuma ya mlango. Nilipotoka, jirani alikuwa ameshamkamata, anamvuta kumrudisha kwake.

Jirani huyu ni mjane, umri wa mama yangu. Sikumwamkia.

"Ng'ombe wako ameingia tena kwenye maharage yangu," nilimwambia.

"Hakuingia, mwanangu. Ameishia kwenye masale."

Masale ndiyo mimea tuliyopanda mpakani.

"Nimemwona mwenyewe. Alikuwa ndani, hatua mbili au tatu."

Mume wangu, aliyekuwa anachanja kuni uani, akadakia, "Hata mimi nimemwona."

Msimu uliopita ng'ombe huyo huyo alinimalizia matuta mawili, nikanyamaza. Safari hii nilikwenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji.

Alfajiri ile mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo udongo ulikuwa laini na kila kitu kilionekana. Kwato zilishuka moja kwa moja hadi kwenye masale, zikavuruga tope pale ng'ombe alipogeuzwa. Basi. Upande wangu hakukuwa na alama hata moja.

"Mwalimu, aliingilia wapi?" mwenyekiti aliniuliza.

Nilizunguka matuta yote nimeinama. Sikuona hata jani lililovunjika. Nikamgeukia jirani.

"Shikamoo mama," nilisema mwishowe. "Nisamehe. Nimekusingizia."

"Marahaba. Nimekusamehe. Ila imeniuma."

Hadi leo najikasirikia. Nikifumba macho bado namwona yule ng'ombe ndani ya maharage, miguu ya mbele imeshavuka. Nadhani alikuwa kwenye mwendo nilipogeuka, na kichwa changu kikammalizia safari. Nikimweleza hivyo mume wangu, ananikatiza.

"Tuliona wawili. Wote tukosee?"

"Na kwato je?"

"Mimi najua nilichokiona."

Na hata mimi ndicho ninachokiona. Jirani nikikutana naye bombani, ananiitikia salamu bila kusimama.