Farasi Asiyetoka Jasho

Watu wengi humtazama farasi usoni. Hezron Nyangau alianzia ardhini, nyuma. Aliangalia ukwato wa mguu wa nyuma umetua wapi: ukipita alama ya mguu wa mbele, farasi huyo ana hatua, ukiishia kabla yake, kuna mahali panamuuma. Kisha macho yake yalipanda polepole, mapajani, tumboni, begani, na mwisho kabisa masikioni. Hayo alijifunza Nairobi, katika uwanja wa mbio unaopakana na Kibera alikozaliwa. Alikuwa saisi pale kwa miaka kumi na mmoja, akiwaosha, akiwalisha na kuwatembeza farasi wa watu kwenye ukungu wa asubuhi.

Mwaka 2015 wakala alimpeleka Riyadh. Karatasi zilisema anakwenda kuchunga kondoo. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, Abu Turki, hakuwa na kondoo hata mmoja. Alikuwa na farasi tisa kwenye shamba nje ya jiji, na Hezron alipowaona alishusha begi akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani.

Dada yake Keziah alikuwa ametangulia. Alifanya kazi za ndani Jeddah, katika nyumba moja ya mtaa wa Aziziya, na kila Ijumaa madam wake akilala baada ya chakula cha mchana, alimpigia kaka yake. Waliongea robo saa, mambo madogo madogo: goti la mama, paa la jiko la nyumbani, binamu aliyeoa bila kumwambia mtu. Hezron alizipanga siku zake kuizunguka ile robo saa.

Oktoba ya mwaka uliofuata, Ijumaa moja ilipita bila simu. Ikapita ya pili. Ikapita ya tatu. Ujumbe aliotuma ulibaki na tiki moja, haukufika.

Mkenya aliyeishi Saudia miaka ile anajua tiki moja inavyoweza kumkondesha mtu. Hezron alimpigia Fidel, rafiki yake wa utotoni aliyekuwa dereva Jeddah na kuishi mtaa wa Bani Malik, akamwomba apitie ile nyumba.

"Bro, nimebonyeza kengele mpaka kidole kikachoka," Fidel alimwambia. "Taa mafi, gari mafi, hakuna kitu. Jirani amenikazia macho, nikatoka hapo mbio."

"Hukuuliza mtu?"

"Nimuulize nani, na mimi ndio nakaa mwizi?"

Hezron alikwenda kwa Abu Turki kuomba ruhusa. Waliongea Kiarabu cha kazini, maneno machache yaliyochakaa kwa kutumika. Bosi alisikiliza huku akipapasa goti la farasi. Msimu wa mbio umeanza, alisema, hakuna anayetoka. Halafu akafikiri kidogo, macho yakachangamka.

Abu Turki alikuwa na shemeji yake, Abu Nasser, mtu mnene mwenye kicheko kirefu. Kamari haikuwepo, na hawakuweka hata riali. Lakini kila jioni ya mbio mashemeji hao wawili walishika orodha zao, na kabla ya kila mbio kila mmoja alizungushia kalamu farasi aliyemwona mshindi. Msimu uliopita Abu Turki hakuwahi kupatia zaidi ya wawili kwa jioni moja. Jambo hilo lilikuwa likisimuliwa kwenye kila karamu ya ukoo.

"Mbio ni sita," alimwambia Hezron. "Nipatie washindi wanne mbele ya yule mtu, nitakuandikia barua ya safari. Siku mbili, Jeddah na kurudi. Wakiwa watatu, unabaki."

Jioni ya mbio, joto la mchana lilikuwa bado limekaa kwenye mchanga. Hezron alisimama kando ya duara ambamo farasi huzungushwa kabla ya kwenda kukimbia. Mbio za kwanza alichagua farasi mdogo wa kahawia ambaye hakuna aliyemjali, kwa kuwa ukwato wake wa nyuma ulipita ule wa mbele kwa kiganja kizima. Akashinda. Mbio za pili alikosea. Za tatu alichagua yule ambaye saisi wake alitembea mkono umelegea, kamba imeinama. Akashinda. Za nne alisita baina ya wawili, akamwacha aliyeonyesha weupe wa jicho, akamchukua mwenzake. Akashinda tena.

"Watatu!" Abu Turki alimpiga shemeji yake begani. "Umeona macho ya mtu wangu?"

"Umemwajiri mganga," Abu Nasser alisema. "Mwambie akutafutie na nywele, zimekwisha."

Ilibaki ya tano na ya sita. Katika ya tano alikuwepo Dana, farasi jike wa kijivu wa Abu Turki mwenyewe, aliyenunuliwa mwezi wa Juni kutoka nchi za baridi na kukabidhiwa Hezron. Bosi alikwisha kumzungushia kalamu tangu asubuhi, mara tatu, karatasi ikakaribia kutoboka. Hezron ndiye aliyemtia moyo. Mwezi mzima alikuwa akimwambia, "Dana ametulia, bosi. Wenzake wanalowa, yeye hatoki hata tone." Kule Nairobi, kwenye baridi ya asubuhi, farasi aliyelowa kabla ya mbio amekwisha kuzikimbia kichwani. Mkavu ndiye wa kuchagua. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na haikuwahi kumdanganya.

Alikuwa akimzungusha Dana wakati Elsadig, saisi wa Kisudani aliyekuwa akimwongoza farasi wa nyuma yao, aliponyoosha mkono na kuupitisha kwenye shingo ya Dana. Akautazama mkono wake.

"Tangu lini hatoki jasho?"

"Tangu Septemba. Ametulia."

"Ndugu yangu, hajatulia. Amekauka. Hao wanaoletwa kutoka baridi hufanya hivyo, mwili unashindwa na nchi. Joto linabaki ndani, halina pa kutokea. Angalia pua."

Hezron aliangalia. Matundu ya pua ya Dana yalikuwa yakifunguka na kufungika upesi, ingawa alikuwa akitembea tu. Aliweka kiganja kifuani pake. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Farasi wengine wote kwenye lile duara walikuwa waking'aa kwa jasho, isipokuwa Dana, na Hezron, kwa siku zote hizo, alikuwa ameuita ugonjwa utulivu.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Mbio zenyewe zilikuwa fupi, Dana alikuwa na hatua nzuri, pengine angewahi mwisho kabla ya kuanguka. Huyo angetimiza washindi wanne. Akisema, atakuwa amekiri kosa la mwezi mzima mbele ya Abu Nasser, na Jeddah itategemea mbio moja tu iliyobaki. Alimfikiria Keziah nyuma ya geti la ile nyumba ya Aziziya, na kwamba huenda mtu alimwona hivi karibuni, akaona hasemi kitu, akapita akidhani ametulia.

Akageuza kamba, akamtoa Dana kwenye duara.

"Bosi, asikimbie. Ni mgonjwa. Nilikosea mimi."

Abu Turki alimtazama bila kuelewa. Kicheko cha Abu Nasser kilianza, kikakatika alipomwona daktari wa wanyama akija. Daktari alipima joto, akasikiliza moyo, akatikisa kichwa. "Mtoeni. Maji, sasa hivi. Angekimbia hapa, mngemzika."

Mbio za tano zilipita bila wao. Hezron na Elsadig walikuwa wakimmwagia Dana maji, ndoo baada ya ndoo, huku bosi mwenyewe akimpepea kwa ile orodha ya mbio. Kabla ya mbio za mwisho Abu Turki aliuliza kwa sauti kavu, "Na hizi?" Hezron alitaja namba. Farasi huyo alishindwa kwa urefu wa shingo.

Watatu. Hezron alihesabu kimya, akaendelea kumwaga maji.

Baadaye pumzi ya Dana ilishuka. Akainamisha kichwa, akanywa. Abu Turki alisimama kando, kanzu imelowa hadi magotini.

"Ungenyamaza, ungepata wanne," alisema.

"Ndiyo, bosi."

"Nami ningekuwa na farasi mfu." Akaikunja ile orodha, akaitia mfukoni. "Elsadig atamtazama. Barua utaipata kesho asubuhi. Siku mbili, si tatu. Haya, yalla."

Hezron alikaa kutwa nzima ndani ya basi, akalala kwa Fidel, na asubuhi wakaenda Aziziya. Safari hii gari lilikuwepo. Madam alifungua geti nusu, akachukua ikama ya Hezron, kitambulisho chake cha ukaazi, akaingia nayo ndani, akarudi na ya Keziah, akazilinganisha. Jina la baba lilikuwa moja. Akaita.

Keziah alitoka akikimbia, mwiko mkononi.

"Wewe! Umefika aje huku? Mama ako sawa?"

"Mama ako sawa. Simu yako je?"

"Ilianguka kwa ndoo ya kupiga deki. Mama wa madam alikufa Abha, tukaenda matanga wote, tumerudi juzi. Namba zote zilikuwa ndani ya simu."

"Hata yangu hujui kwa kichwa?"

"Na wewe yangu unaijua?"

Hezron hakuijua. Alimtazama miguuni, akapanda polepole, mikono, shingo, mpaka usoni.

"Mbona unaniangalia kama farasi?"

"Simama hapo kidogo."

Paji la uso la Keziah lilikuwa linametameta, na tone moja lilikuwa likiteremka kando ya sikio.

"Unatoka jasho," alisema.

"Si nimetoka jikoni! Ulitaka nitoke nini?"

Fidel alicheka kutoka garini. Hezron alitaka kucheka pia, akashindwa. Akaketi pale pale kwenye ukingo wa barabara, kofia usoni, huku dada yake akimgongagonga begani kwa mwiko, akimuuliza kama amekula.