Niligeuza jairo kichwa chini, nikaishia chumbani kwa mama mkwe

Kosa ni langu. Sio la upepo, sio la betri, na wala sio la shemeji yangu. Nimeusema ule uongo mpaka mwenyewe nilishaanza kuuamini.

Mimi ni fundi simu hapa Mugumu. Niletee simu iliyotumbukia chooni, utaondoka nayo ikiongea. Sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Shemeji yangu, tumwite Marwa, anafanya kazi kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda. Mgeni mmoja alimwachia helikopta ya rimoti, ya umeme, kubwa, pangaboi lake la juu linapita urefu wa mkono wangu. Ilikuwa mbovu. Mama yake Marwa, ambaye ndiye mama mkwe wangu, analima mtama Mbalibali, na kila ukikomaa tembo wanafika kabla ya wavunaji.

"Shemeji, itengeneze hii," Marwa akasema. "Twende tukawafukuze tembo kwa mama."

Nikaifungua yote. Ndani kuna kidude cha ukubwa wa kiberiti kinaitwa jairo. Kinahisi mkia ukiyumba, kinaurudisha mahali pake. Nilikibandua nikakisafisha, nikakirudisha kwa solatepu ya pande mbili. Kilikuwa na maandishi upande mmoja, nikaona yakitazama juu yatapendeza. Kumbe yalitakiwa kutazama chini! Tangu hapo mkia ukiyumba kushoto, chenyewe kinausukuma kushoto zaidi.

Kipimo chake ni chepesi. Unachomoa waya za mota kubwa ili pangaboi lisikukate, unageuza pua ya helikopta kwa mkono, unaangalia mkia unajibu upande gani. Nilikijua. Marwa mwenyewe aliuliza, "Hatuijaribu kwanza hapa?" Nikamwambia mimi sio mwanafunzi. Nikasukuma kijiti cha rimoti, vipanga vya mkia vikacheza, nikasema tayari.

Sasa, kwa msiotujua: kwetu Wakurya mama mkwe hachezewi. Mkono simpi. Shikamoo naitoa nikiwa uani, marahaba inatoka ndani, kila mtu anaridhika. Chumba anacholala hata kuchungulia ni aibu ya ukoo mzima.

Tukaenda Mbalibali, majirani wakajaa. Nikaiweka uani, nikaongeza moto. Ilipofika usawa wa madirisha ikaanza kuzunguka kama ndama aliyeng'atwa na mbung'o. Nikavuta kijiti kulia, ikazidi. Kushoto, ikazidi. Mtu mwenye akili angezima. Mimi nikaongeza moto, nikijiambia itatulia mbele ya safari.

Ikapita kwenye dirisha la mama mkwe. La chumbani.

Halafu moshi. Betri zile zikipasuka zinawaka, na nyumba ni ya nyasi. Sikuwaza mila, nikaingia. Mkwe alikuwa amejipumzisha, khanga moja, kichwa wazi. Yeye akarukia ukutani, mimi nikakumbatia godoro pamoja na helikopta, nikatoka navyo vinafuka.

Ningenyamaza pale ningekuwa shujaa. Lakini wazee walipouliza imekuwaje, nikanyoosha kidole. "Mashine ya Marwa ilikuja na nuksi. Nilimwambia tusiirushe." Hivyo hivyo, bila haya.

Mbuzi wa kuisafisha nyumba kimila akamtoa Marwa.

Mkwe alisema maneno machache, amenipa mgongo. "Tembo wanakula mtama wangu miaka yote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia chumbani kwangu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Niliporudi nikafungua mabaki, nikaikuta jairo imeng'ang'ania pale pale, maandishi juu. Hapo sikucheka.

Mke wangu aliniamini. Akamwambia kaka yake, ndugu pekee aliye naye, asikanyage kwetu. Marwa alikuwa haji mikono mitupu, na wanangu walikuwa wakimpanda mgongoni kabla hajakaa. Sasa wanauliza mjomba yuko wapi, mama yao anawanyamazisha. Mimi ananipakulia nyama ya kwanza: "Pole mume wangu, alitaka kukuaibisha." Nami naila yote. Naona aibu, na nammiss yule bwana.

Mafundi wenzangu, chomoeni mota, geuzeni pua, angalieni mkia. Na chombo kikishaanguka, usitafute shemeji wa kumbebesha.

Majina nimebadilisha, ila sidhani kama inanisaidia. Helikopta iliyolala kitandani kwa mkwe wa mtu huku kwetu ni moja tu. Tena mke wangu anaupenda ukurasa huu, hunisomea kwa sauti tukila, tunawacheka wajinga wa watu.

Mama Rhobi, ukifika hapa acha kusoma. Mpigie kaka yako.