Vyuma Ambavyo Sikuvifua

Mimi na shoga yangu tulikutana chuoni Toronto, mwaka wangu wa kwanza wa kusomea akiolojia. Yeye wa Mombasa, aliyehamia Canada na mamake, mimi wa Tanga. Haikuchukua muda tukawa tunapika pamoja kwenye fleti yangu mtaa wa Etobicoke. Alipougua, nilimlaza sebuleni kwangu nikamkorogea uji.

Ndiye aliyenivuta kwenye utafiti wa chuma. Zaidi ya miaka elfu iliyopita, watu wa Ulaya ya kati walitumia vipande vyembamba vya chuma, vyenye umbo la shoka, kama fedha. Haijulikani vizuri kama aliyepokea kipande hicho aliweza kukifua kiwe kisu, au kilikuwa cha kubadilishana tu. Tukasema tuvitengeneze kwa njia za kale, tuone.

Mhunzi mmoja wa mtaa wa Downsview alituazima uwanja nyuma ya ghala. Tukajenga tanuri la udongo, tukachoma mawe yenye chuma kwa makaa, tukivuta mivukuto kwa zamu hadi viganja vikatoka malengelenge. Tukapata bonge lenye matundu kama sifongo. Nililifua mimi, maana yeye alikuwa ameteguka kifundo cha mkono. Kila kipande nilichokipiga kiwe chembamba kilipasuka ukingoni.

"Basi hilo ndilo jibu letu," nilimwambia. "Chuma hiki hakikubali wembamba kirahisi. Tuandike hivyo."

"Tutaandika," akasema.

Siku ya kuonyesha kazi zetu, alifunua kitambaa mezani. Chini yake vilipangwa vipande vyembamba, vimenyooka, havina ufa hata mmoja. Sikuwahi kuviona.

"Hivi vyote kavifua mwenzangu," akawaambia watu, mkono wake begani mwangu. "Kwa chuma cha tanuri letu."

Wakapiga makofi. Profesa wetu alinitazama kwa fahari, nami nikatabasamu, kabla sijaelewa mzigo niliotwishwa.

"Umevitoa wapi?" nilimnong'oneza.

"Nimeagiza kwa fundi. Nyamaza, shoga. Nani atajua?"

Sikunyamaza. Nilisema mbele yao kwamba vile si vyangu. Vyangu vilipasuka, na vimo kabatini. Yeye akanitazama kana kwamba nimempiga kofi.

"Wanivua nguo mbele za watu," akasema kwa Kiswahili. Mle ndani hakuna mwingine aliyeelewa.

Kazi ile ilifutwa. Niliruhusiwa kuirudia peke yangu. Vyuma vikapasuka tena, nikaandika kwamba vimepasuka. Yeye aliacha chuo, akarudi kwa mamake Pickering, nje kidogo ya Toronto. Nilimpigia simu mara nyingi. Hakupokea.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana na mamake kwenye harusi ya Waswahili wenzetu. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Akanishika mkono, akaniambia polepole, "Mwanangu alikupenda kama nduguye. Kwa nini ulimwonea kijicho?"

Nilitaka kumweleza habari za tanuri na nyufa. Lakini wanawake waliokuwa meza ile walikwisha kuacha kula, wananitazama, nikajua maneno ya shoga yangu yalinitangulia katika nyumba zao zote.

"Sikumwonea kijicho, mama," nikasema.

Akauachia mkono wangu. Nikaenda kutafuta koti langu.