Tivii Iliyokatiwa Tiketi ya Kwenda Iringa

Tivii yetu iliharibika siku ya kumi na moja baada ya waranti kuisha. Siku nazikumbuka kwa sababu mume wangu, mwalimu wa fizikia asiye na mchezo na makaratasi, alikuwa ameizungushia tarehe ya mwisho kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Tarehe ilipofika, alipitisha kiganja juu ya ile tivii kama anamsifia ng'ombe, akasema, "Miaka miwili, na haijakohoa hata mara moja."

Ilikuwa inchi hamsini na tano. Bei yake sitaitaja, maana mama mkwe wangu anaamini mpaka leo kwamba tulipewa zawadi. Tunaishi Ilomba, hapa hapa Mbeya, na sebule yetu ni ndogo kiasi kwamba ukitaka kuiona tivii yote inabidi ukae karibu na mlango wa kutokea. Mama mkwe, aliyehamia kwetu kutoka Tukuyu baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, ndiye alikuwa na kiti hicho cha mlangoni.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Yeye alikuwa anatazama tamthilia yake, mimi nachambua maharage. Ghafla kioo kikawa cheusi, lakini sauti ikabaki. Mwanamke wa kwenye tamthilia aliendelea kulia ndani ya giza kana kwamba hakuna lililotokea. Nikabonyeza rimoti. Nikazima, nikawasha. Mume wangu akaja, akapapasa mgongo wa tivii, akainusa, akaenda kutafuta kitabu cha maelekezo.

"Mbona mnanizibia?" mama mkwe akauliza.

"Mama, picha haipo."

"Nasikia vizuri. Sogeeni, ndio kwanza anamfukuza mwanaume."

Akaketi kutazama kioo cheusi mpaka kipindi kikaisha, kisha akatueleza gauni alilokuwa amevaa yule mwanamke. La njano, lenye mikono mifupi.

Jumatatu tulikwenda dukani tulikoinunua. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu mwenye kitambulisho shingoni. Aliisoma kadi ya waranti mbele na nyuma, akahesabu kwa vidole, halafu akanyoosha mkono kumpa mume wangu.

"Hongera, Mwalimu. Imemaliza muda wake salama."

"Lakini imeharibika."

"Baada ya kumaliza. Ingekuwa imeharibika kabla, sasa hivi ningekuwa nawapa pole."

Mume wangu alimtazama kwa macho yale yanayowafanya wanafunzi wake wakumbuke kazi ambayo hawajaifanya. Yule kijana akalegea kidogo, akatuambia karakana ya wakala wa tivii zile iko Iringa, na kwamba huko yupo fundi mmoja mzee anayezijua mpaka ndani. Lakini tuipeleke wenyewe, na tuhakikishe inasafiri imesimama, kwa sababu kioo kikilazwa hupasuka.

Mume wangu alikuwa na mitihani ya kusimamia. Mimi ni nesi, na nilikuwa likizo. Basi nikawa mimi.

Stendi, kondakta wa basi alikataa kuiweka kwenye buti, kwa kuwa humo kila kitu hulazwa. Akasema kama ni lazima isimame, basi ikae kwenye siti kama watu wengine, na kwa upana wake ingehitaji siti mbili. Nikarudi dirishani kwa karani wa tiketi.

"Mfumo haukubali siti bila mtu," karani akasema. "Jina?"

"Ni tivii."

Akaandika Tivii. "Jina la pili?"

Nikampa la mume wangu.

"Jinsia?"

Tukatazamana. Nyuma yangu foleni ilikuwa inasogea kwa hasira. Nikasema aandike mke.

"Umri?"

"Miaka miwili na wiki mbili."

Karani akaacha kuchapa. "Mama, mtoto wa miaka miwili hapewi siti. Anapakatwa."

"Siwezi kuipakata! Ni inchi hamsini na tano."

"Mimi nafuata umri."

"Basi andika thelathini."

Akaandika thelathini, roho ikamtulia. Hivyo ndivyo tivii yangu ilivyotoka Mbeya asubuhi ile, mwanamke wa miaka thelathini, imefunikwa blanketi la maua, imeketi upande wa dirishani, na mimi ng'ambo ya ujia nimeishika pembe ya blanketi ili isiyumbe.

Kabla ya Igawa tulisimamishwa na trafiki. Askari akapanda na karatasi ya majina, akawa anaangalia mikanda siti moja baada ya nyingine. Alipofika kwetu akasimama.

"Huyu wa siti namba saba yuko wapi?"

"Ndiye huyu, afande," nikasema, nikafunua blanketi.

Akatazama karatasi, akatazama tivii. Nilidhani atacheka, nami nilikuwa tayari kucheka naye. Hakucheka. "Mbona hajafunga mkanda?"

Kondakta akaja mbio, na kwa pamoja tukaivuta mikanda ya siti mbili, tukaiunganisha kifuani mwa tivii, kama tivii ina kifua. Askari akaikaza mwenyewe kwa kuivuta mara mbili. "Usalama kwanza," akasema, akashuka.

Makambako alipanda mama mmoja mtu mzima, amejifunga khanga mbili, akaketi nyuma yetu. Alilitazama blanketi kwa muda mrefu, lile umbo la mraba lililosimama, na mkono wangu ulioshika pembe. Kisha akanigusa bega.

"Pole, mwanangu. Ni picha?"

Nilikuwa nimechoka na nikajibu kwa kifupi. "Picha imekufa, mama. Imebaki sauti tu."

Machozi yakamlenga. "Ndivyo inavyokuwa. Sauti unaendelea kuisikia ndani ya nyumba. Alikuwa na umri gani?"

"Thelathini," nikasema, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye tiketi. Nilipotambua kwamba anamuulizia marehemu, alikuwa ameshaanza wimbo wa kanisani, taratibu, kwa Kihehe. Mwingine wa nyuma akaudaka. Nikageuka nimweleze, nikageuka tena mbele. Utamwambiaje mtu anayekulilia kwamba umefunika tivii? Mafinga tukaipita katika ukungu, basi zima likiimba sauti nne, na dereva amezima redio yake kwa heshima. Mimi nami nikaimba. Nilipokuwa natazama ule mkanda uliobana blanketi, nikajikuta natokwa machozi kweli, na sijui yalikuwa ya nini.

Tulipofika Iringa wanaume wanne waliishusha bila kuombwa, wakatembea nayo polepole mpaka kwenye bajaji.

Karakana ilikuwa chumba kirefu jirani na soko. Fundi alikuwa mzee mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. "Kamwene," akanisalimu, akanipa kigoda, akaisikiliza historia ya mgonjwa mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hata kwa madaktari wetu ni wachache wanaoliweza. Halafu akaiwasha, akafunga dirisha, akachukua tochi na kuielekeza karibu kabisa na kioo.

Ndani ya duara la mwanga, dogo kama sahani ya chai, nikaona uso wa mtu anasoma taarifa.

"Picha ipo, mama," akasema. "Iko gizani tu. Taa zilizo nyuma ya kioo ndizo zimekufa. Kioo kizima, mashine nzima. Ni kubadilisha taa."

"Na taa unazo?"

Akanionyesha rafu iliyojaa vijiboksi vyembamba mpaka darini. "Hizo zote."

Nilikaribia kumkumbatia. Yeye akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Lakini ni za tivii zilizo ndani ya waranti. Za nje ya waranti siruhusiwi."

"Zilizo ndani ya waranti huwa zinakuja nyingi?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Bado haijaja hata moja."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi hapa. Hizi taa ni imara sana, mama. Huwa zinafika miaka miwili na kidogo."

Nilimwangalia nione kama ananitania. Hakuwa ananitania, alikuwa mtu anayefanya kazi katika chumba kile kila siku, anavifuta vumbi vile vijiboksi. Akanishauri niandikie makao makuu barua ya kuomba huruma. Akaniomba radhi pia kwamba tivii isiyo na waranti hairuhusiwi kulala pale. Nikalala kwa binamu yangu, na kesho yake nikarudi Mbeya na abiria wangu.

Siku tuliyorudi, mume wangu alipoambiwa habari ya tochi, hakuuliza habari ya safari. Alivuta mapazia, akawasha tivii, akamulika. Mama mkwe akainuka kwenye kiti, pamoja na goti lake, akamnyang'anya tochi.

Tangu hapo tivii ikawa mali yake. Alimulika alichotaka. Kwenye taarifa ya habari alimulika mikono ya msomaji, akasema yule mtu hajawahi kushika jembe. Waziri alipokuwa anahutubia, tulioneshwa viatu vya mlinzi wake. Mume wangu alijaribu kumwelekeza. "Mama, panda juu kidogo, kuna maandishi." Akajibiwa kwamba maandishi atasoma shuleni.

Majirani wakasikia. Jumapili baada ya ibada wakaanza kuja, kila mmoja na tochi yake, wengine na simu. Mchana kweupe, mapazia yamefungwa na blanketi limetundikwa mlangoni, watu kumi na wawili tunatazama mpira kwa vipande. Mume wangu aligawa kioo katika kanda, akampa kila mtu kanda yake, na kuamuru kwamba mpira ukitoka kwako unapiga kelele jina la anayefuata. Kanda ya goli la kushoto alishika mama mkwe. Timu tuliyokuwa tunaishabikia sote mle ndani ilifunga upande huo, uwanja ukalipuka, mtangazaji akapasuka koo, na sisi hatukuona chochote kwa sababu yeye alikuwa amemulika jukwaani.

"Bibi, goli!" watu wakapiga kelele.

"Subirini. Yule mwenye kofia anafanana na kaka yangu."

Na tukamtazama yule mwenye kofia, wote, mpaka akaondoka kwenye picha. Kwa kweli alifanana naye.

Huku nyuma barua yangu ilikuwa inajibiwa. Makao makuu walitaka picha ya tivii inayoonyesha tatizo. Tukapiga, tukatuma: kioo cheusi. Wakajibu kwa adabu kwamba picha tuliyotuma ina giza, tutume yenye mwanga. Mume wangu akaipiga tena, tochi ikiwa inamulika, na ndani ya duara msomaji wa habari anaonekana wazi. Jibu la mwisho lilifika baada ya wiki moja. Walisema wamefurahi kuona tivii inaonyesha picha, wakatutakia matumizi mema.

Mume wangu alilisoma lile jibu amesimama. Akaketi, akalisoma tena. Halafu mtu huyu ambaye sijawahi kumwona akicheka mbele ya mama yake, alicheka mpaka akateleza kwenye kochi.

Ndipo fundi wa Iringa akanipigia. Alikuwa likizo, yuko shambani kwake Ilula anavuna nyanya. Aliniambia kuna mtu wa Ruaha Mbuyuni ambaye tivii yake, ya aina ile ile, iliangukiwa na ngazi. Kioo kimekwisha, lakini taa zake nzima, naye amemruhusu azichukue. "Hizo si za rafuni kwangu," akasema. "Na nikiwa likizo, mimi ni mkulima tu." Jumamosi angepita Mbeya kwenye kipaimara cha mjukuu wake.

Alikuja na tenga la nyanya na bomba la plastiki ambalo ndani yake alikuwa amezisokomeza taa, zimefungwa kwenye soksi. Tukalitandika godoro juu ya meza ya chakula. Akakitoa kioo, akakishika yeye upande mmoja na mume wangu upande wa pili, wakakisogeza ukutani hatua kwa hatua bila kupumua. Ndani mlikuwa na mistari ya vitaa vidogo kama punje za mahindi. Punje moja tu ilikuwa nyeusi. "Moja ikifa, zinagoma zote," akaeleza. Nilimuuliza mtu afanye nini ili zisife. Akasema tupunguze mwanga. Kiwandani huwekwa wa juu kabisa ili dukani tivii ing'ae, na nyumbani watu huacha hivyo hivyo mpaka taa zinaungua.

Saa nane mchana akawasha. Mwanga ulituingia machoni tukageuza nyuso. Akaushusha mpaka nusu. Mume wangu, ambaye hawezi kujizuia, akauliza waranti ya matengenezo ni ya muda gani.

"Mpaka nipande basi," fundi akasema, akanawa mikono kwa ajili ya wali.

Ni mwaka sasa, na inaonyesha vizuri. Jumapili ya kwanza majirani walikuja, wakasifia, wakakaa robo saa, wakaondoka. Tivii inayoonyesha kila mtu anayo kwake. Jumapili ya pili hakuja mtu. Ya tatu, mama mkwe alitazama mpira mzima peke yake, uwanja wote mbele yake, bila kusema neno. Kisha akachukua mkongojo na mtandio wake.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa jirani. Umeme wao umekatika, nasikia wanapiga soga."

Nikazima tivii, nikavaa kandambili, nikamfuata.