Injini Iliyolishwa Mafuta ya Nazi

Mjane akikaa eda hatoki nje, hajipambi, hajifukizi udi, wala haonani na mwanamume wa kando. Hayo Shemsa aliyajua tangu kwao Matemwe, na hakuhitaji mtu wa kumfundisha. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mjane haruhusiwi kulala chali chini ya pikipiki, na huko ndiko Tabia, jirani yake wa ghorofa ya juu, alikomkuta asubuhi moja, kanga kuukuu kaifunga kiunoni, mikono myeusi ti mpaka viwikoni.

"Lahaula! Shemsa! Eda gani hii?"

"Eda ya mke wa Mkadam. Nipe hiyo spana."

Mambo yalikuwa hivi. Mkadam alikufa bila ya mtoto, na mrithi wake mkubwa ni kaka yake, Gharib, anayekaa Kiembe Samaki. Hitima ilipokwisha, kabla ya wageni hata kunawa mikono, Gharib alisimama pale ukumbini akaipiga teke pikipiki ya marehemu kwenye gurudumu, akasema Ijumaa baada ya sala atakuja na rikwama, na hamali wa kuisukuma, kulichukua dude lile, amepata mtu wa kununua chuma chakavu. Shemsa alimsihi kutoka nyuma ya pazia. Gharib akacheka.

"Shemeji, likiwaka Ijumaa mbele ya macho yangu, wallahi siliuzi chuma. Lisipowaka tusilaumiane."

Alicheka kwa sababu alijua, kama mtaa mzima wa Sokomuhogo ulivyojua, kuwa pikipiki ile haijawaka tangu mwaka wa mapinduzi.

Na nani aliyeiua? Mkadam mwenyewe, Mungu amrehemu. Siku zile watu walipokuwa wakipokonywa mali zao, aliamka alfajiri akaiendesha mpaka Matemwe, akaificha kwenye banda la jiko la mama mkwe wake, akaifunika makuti. Halafu akaona isije ikashika kutu. Sasa mtu wa kwetu akitaka kitu kisikauke wala kisiharibike hufanya nini? Hukipaka mafuta ya nazi. Nywele, mtoto mchanga, panga, bawaba za mlango, vyote ni mafuta ya nazi. Mkadam naye akafungua plagi, akamimina ndani ya injini chupa nzima ya mafuta mazuri aliyoyapika mkwewe, akafunga, akarudi mjini kwa miguu akiwa ameridhika kabisa.

Mambo yalipotulia akaileta mjini juu ya lori. Kumbe yale mafuta yalikuwa yameganda ndani kama ulimbo, na pistoni imenasa. Mkadam hakukata tamaa. Akapaka tangi rangi upya, akashona tandiko, akasugua njiti za magurudumu kwa ndimu na majivu, moja moja. Kila jioni akitoka kazini anapanda kiki, na kiki haishuki hata kidogo. Mwisho kifua kikamlaza. Siku ile ya mwisho alimshika Shemsa mkono akasema, "Mimi ndiye niliyeiua. Usiwaache wakaenda kuiyeyusha."

"Haitoki humu ndani," Shemsa alimjibu. Hakupata kumwambia neno jengine, maana Mkadam hakuzinduka tena.

Basi ndiyo maana alikuwa chini ya pikipiki. Mwalimu wake alikuwa Mzee Duni, fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu. Mzee wa watu hakuweza kuingia ndani kwa sababu ya eda, akawa anakuja kukaa kwenye baraza ya nje, chini ya dirisha, akifundisha kwa sauti kupitia mbao za dirisha lililofungwa. Wapita njia walidhani mzee ameanza kuzungumza na kuta.

"Shikamoo, Mzee Duni. Bado."

"Marahaba, mwanangu. Tia mafuta ya taa tena. Yanalainisha kutu. Halafu tia gia, ushike gurudumu la nyuma, ulitikise mbele na nyuma, taratibu, kama unang'oa jino la mtoto."

Akatia. Akatikisa. Akatikisa mpaka mabega yakamwaka moto, na gurudumu likakaa kimya kama halikusikia. Kesho yake hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi Mzee Duni alikohoa pale barazani.

"Imebaki nyundo, mwanangu. Fungua kichwa cha silinda, weka kipande cha mti juu ya pistoni, upige."

"Ikivunjika?"

"Ikivunjika ndiyo basi tena. Pistoni ya hii Unguja nzima huipati, na meli siku hizi hazituletei kitu."

Shemsa aliichukua nyundo. Akaiangalia. Halafu akaitupa ukutani kwa nguvu zake zote, chokaa ikamwagika.

"Mkadam weye!" akapiga kelele mle ukumbini. "Si ungeiacha ishike kutu kama za wenzio! Nani alikutuma? Nani alikutuma, nakuuliza!" Tangu maziko alikuwa hajalia, na wanawake walishaanza kumsema. Hata sasa hakulia. Alikuwa na hasira tu, hasira ya mtu aliyeachiwa ahadi asiyoiweza.

Akaingia jikoni kunywa maji. Juu ya kibao palikuwa na chupa yake ya mafuta ya nywele, aliyoiacha tangu eda ilipoanza. Akaishika, hajui hata kwa nini. Kifuniko kilikuwa kimegandiana na shingo ya chupa kwa mafuta yaliyokauka. Hapo akamkumbuka mama yake, jinsi alivyokuwa akifungua chupa za namna ile: hakuwa akitumia nguvu, alikuwa akimwagia mafuta mapya ya moto.

Akarudi dirishani mbio. "Mzee Duni! Mafuta ya taa ni ya kutu, si ndiyo? Na humu hamna kutu! Humu mna mafuta ya nazi ya mama! Nataka niyamwagie ya moto."

"Yale yale yaliyoiua?"

"Yale yale."

"Mie sijapata kusikia kitu kama hicho."

"Na mie sijapata kusikia mtu aliyeilisha injini mafuta ya nazi, isipokuwa mume wangu."

Mzee Duni alicheka mpaka akapaliwa. "Haya, lakini toa tangi kwanza ulipeleke mbali, usije ukatuchoma mtaa mzima!"

Tabia akatumwa nazi sokoni. Wakakuna kwa zamu, wakakamua tui, wakalipika mpaka mafuta yakatoka safi. Shemsa akayamimina yanafuka ndani ya tundu la plagi. Akachukua na chetezo, kilichokuwa hakina kazi kwa sababu mjane hafukizi, akakijaza makaa bila ya udi, akakiweka chini ya silinda. Makaa yakififia anatia mengine. Akitikisa, haiendi. Anamimina tena, anatikisa tena.

Ijumaa ikafika, na injini vile vile. Wanaume wakapita kuelekea msikitini, wamevaa kanzu zao safi. Shemsa aliwaona kupitia upenyo wa dirisha, na Gharib alikuwa miongoni mwao, rikwama keshaiegesha nje ya mlango. Akaswali haraka haraka, Mungu amsamehe, akarudi kwenye gurudumu. Akalilalia kifua.

"Basi, Shemsa," Tabia akamwambia. "Umefanya uliloweza."

"Sijafanya kitu! Shika huko, uvute!"

Wakavuta, wakasukuma. Na gurudumu likasogea. Kiasi cha ukucha tu.

"Tabia! Imekwenda?"

"Imekwenda!"

Mbele, nyuma. Ukucha ukawa kidole, kidole kikawa kiganja, kisha ndani ya injini kukalia *kwap!*, na mafuta meusi yakaruka kutoka kwenye tundu la plagi yakamrowesha Shemsa uso mzima. Akapanda kiki. Kiki ikashuka mpaka chini, laini. Mzee Duni alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka msikitini, akaanza kuamrisha kutoka barazani mbio mbio: kausha mafuta, safisha plagi uifunge, rudisha tangi, hii hapa chupa ya petroli, Tabia, pokea! Shemsa akapiga kiki, akapiga, akapiga, na Gharib anaingia mlangoni, pikipiki ikawaka.

Iliwaka kwa kishindo na moshi mweupe, na nyumba nzima ikanukia kama mtu anachoma vitumbua. Shemsa alikimbilia nyuma ya pazia. Gharib alisimama katikati ya moshi, mdomo wazi. Kisha uso wake ukabadilika, na Shemsa, akichungulia, aliuona ukibadilika.

"Kumbe nzima!" Gharib akasema. Akaizima. "Hii nnakwenda nayo, shemeji. Haki yako utaipata."

"Uliapa!" Mzee Duni akapiga kelele kutoka nje. "Nilikusikia kwa masikio yangu!"

"Niliapa siliuzi chuma. Kwani naliuza? Nnalipanda."

Akatoka kumwambia hamali aondoe rikwama mlangoni. Shemsa akaigeukia ile pikipiki. Yaani tabu yote ile kaifanya ili amtengenezee Gharib kipando! Lingebaki limekufa, Gharib angeliona chuma tu. Akaiokota spana, akatoka nyuma ya pazia, akafungua plagi ingali moto, ikamchoma kiganja, akaifumbata hivyo hivyo ndani ya kanga, akarudi.

Gharib na hamali waliinyanyua pikipiki wakaivusha kizingiti. Akapanda mbele ya watu, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Watoto wakaanza kucheka. Mzee Duni alikuwa keshaliona tundu lililo wazi, akaangalia pembeni.

"Shemeji," ikaja sauti ya Shemsa nyuma ya mlango, "plagi nnayo mimi."

"Ilete!"

"Njoo uichukue."

Gharib akaja mpaka kizingitini akasimama. Nani atamtia mkono mjane aliye edani, mchana kweupe, Ijumaa, na Sokomuhogo yote inatazama? Akatukana. Akamgeukia Mzee Duni. "Plagi yake inapatikana wapi?"

"Humo ndani," Mzee Duni akasema. "Kwengine sikujui."

"Na pikipiki ilale wapi?" Gharib akauliza ule mlango.

"Ilipokuwa. Eda ikisha tutakwenda kwa kadhi, mimi na wewe na Mzee Duni, tukaulizane uliapa nini."

Ilimbidi airudishe mwenyewe, hamali alishaondoka na rikwama yake. Aliiegemeza ukutani akatoka bila ya kuaga.

Shemsa aliketi nyuma ya pazia akafungua kanga. Plagi ilikuwa imepoa, kiganja kimetoka lengelenge, na vyote viwili vinanuka mafuta ya nazi. Akaanza kulia, kilio cha sauti, mpaka Tabia aliyekuwa anafagia chokaa akaacha ufagio.

"Nilikwambia haitoki, Mkadam," akasema. "Si nilikwambia?"